Unataka kuwa dokta wa mbwa na paka Bongo? Njia nzima kuanzia form five mpaka kliniki yako mwenyewe

Kabla hujajaza fomu yoyote lijue hili: Tanzania hakuna digrii ya mbwa na paka. Kuna digrii moja tu ya udaktari wa mifugo, BVM, miaka mitano, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na humo ndani ng'ombe ndio mwenye nyumba, mbwa na paka ni wageni. Utatoka na cheti kinachokuruhusu kutibu kuanzia kuku mpaka ngamia, lakini mikono ya kumpasua paka wa kilo tatu hutapewa darasani peke yake. Ukishalielewa hilo mapema, kila uamuzi mbele yako unakuwa rahisi maana swali ni lilelile: hapa ninapoenda, nani atanishika mkono? Mshahara, mtaa wa kishua, jina la kliniki, yote yanakuja baada ya hapo.

HATUA YA KWANZA: mlango wa kuingilia

Form five soma PCB, CBG au CBA, yaani Kemia na Biolojia pamoja na Fizikia, Jiografia au Kilimo. Biolojia na Kemia ndio roho ya hii kozi, hizo usizichezee. Vigezo kamili viangalie kwenye kitabu cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka wako, usiulize kaka aliyeomba miaka sita iliyopita maana vinabadilika.

Kama form six haikukaa vizuri au umeishia form four, kuna LITA, Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, wana kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba na kwingine. Unaanza astashahada, unapanda stashahada, na ukiwa na GPA nzuri unaweza kuomba BVM kutokea hapo. Hii njia watu wanaidharau bure. Kijana wa LITA akifika mwaka wa kwanza SUA ameshashika sindano, ameshapima joto, haogopi kinyesi, wakati wa form six bado anaziba pua. Ila ujue mpaka wako: kisheria mwenye stashahada ni msaidizi wa kitaaluma, anafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Mtaani wote tunaitwa dokta, ila kwenye makaratasi sio sawa.

Kwa majirani, Kenya wako University of Nairobi kampasi ya Kabete, Uganda ni Makerere. Wapo Watanzania wanaosoma huko, ukirudi utapitia Baraza la Veterinari kusajiliwa kama wengine.

HATUA YA PILI: miaka mitano usiipite kama abiria

Mwaka wa kwanza na wa pili ni anatomia, fiziolojia, baiokemia, hapo ndipo sapu, mitihani ya marudio, zinapogawiwa na wenzako wengine watadisko, yaani wataondolewa chuo, sitaki kukuficha. Soma tu, hakuna ujanja.

Pa kukaza kweli ni famakolojia, somo la dawa. Sio kwa ajili ya mtihani, kwa ajili ya paka. Paka sio mbwa mdogo, na dawa mbili tatu zitakuonyesha hilo kwa uchungu. Paracetamol kwa mfano, ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha kuivunja, inabaki sumu inayoharibu damu isibebe oksijeni, ufizi unageuka rangi ya kahawia, uso unavimba, na hapo mwenye paka anakwambia "nilimpa nusu kidonge tu, alikuwa na homa". Nusu kidonge kinatosha kuua.

Na dawa ya kupe ya ng'ombe! Hii utaiona mpaka uichoke. Mtu anaenda duka la pembejeo, anachukua dawa ya kuogeshea yenye cypermethrin, anamwogesha mbwa, dawa inabaki kwenye ndoo, anaona isipotee bure anamtumbukiza na paka. Baada ya masaa machache paka anatetemeka mwili mzima, masikio yanacheza, anaingia degedege. Unamtuliza kwanza mitetemeko, halafu unamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sio maji ya moto maana yanafungua mishipa ya ngozi na sumu inazidi kuingia, kisha unamkausha na kumpa joto. Mwanafunzi aliyeelewa famakolojia anajua kwa nini anafanya kila kimoja, aliyekariri anaanza kupekua simu huku paka anakakamaa.

Likizo ndefu zote nenda kliniki za wanyama wadogo, usisubiri fildi ya chuo. Dar ziko nyingi upande wa Masaki, Oysterbay, Mikocheni mpaka Mbezi, Arusha zipo, na palepale SUA kuna hospitali ya rufaa ya wanyama ambayo nusu ya wanafunzi wanaipita tu wakienda kula. Andika barua fupi, nenda nayo mwenyewe, vaa buti. Wiki za mwanzo utaosha vizimba na kushika wanyama, na kushika ndio kozi yenyewe. Mbwa mkali mfunge mdomo kwa bandeji, kitanzi juu ya pua, unakivuta chini ya taya, unafunga nyuma ya masikio. Paka mfunike na taulo nzito, kichwa peke yake ndio kibaki nje, na usimkabe, ukimkaba anapigana. Dokta anayeshikiwa vizuri anafanya kazi haraka, na anayekukumbuka wewe ndiye uliyemshikia vizuri. Ajira nyingi za hii fani zinaanzia hapo, sio kwenye CV.

Kabla ya yote hayo chanja kichaa cha mbwa, wewe mwenyewe mwilini mwako. Mwongozo wa WHO wa 2018 ni dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Ukishakuwa nazo, ukija kung'atwa unaosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na unapata dozi mbili za kuongezea, siku ya 0 na ya 3, bila ile serum ya ghali, yaani kinga iliyo tayari. Usipokuwa nazo utaanza kuzunguka hospitali na mguu unavuja damu kuulizia serum. Bosi akikwambia "hapa hatujawahi pata kesi" usimsikilize, kichaa cha mbwa dalili zikishatokea ni kifo, hakuna tiba.

HATUA YA TATU: Baraza

Ukimaliza chuo wewe bado ni mhitimu tu. Udaktari unaanza Baraza la Veterinari Tanzania likishakusajili, chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Sheria hiyohiyo inataka na kituo cha kutolea huduma kisajiliwe, kwahiyo unapotafuta kazi uliza na cheti cha kituo, sio cha bosi tu. Usisaini kadi ya chanjo ya mnyama yeyote kabla hujasajiliwa hata ukibembelezwa vipi. Saini yako ikienda kwenye kadi ya mbwa aliyeng'ata mtoto ndio utajua umuhimu wake. Na ada ya kila mwaka lipa, mikutano na mafunzo endelevu nenda. Mkutano mkuu wa TVA, chama chetu, jiandikishe hata kama nauli ni ya kuunga unga, maana kazi nyingi hazitangazwi, zinasemwa pale wakati wa chai.

HATUA YA NNE: kazi ya kwanza, hapa ndio pa kukaa sana

Kliniki mbili zikikuita, moja inalipa zaidi, usikimbilie kusema ndio. Omba ukae siku moja uangalie. Angalia maikroskopu iko wapi, kama imefunikwa na nailoni yenye vumbi jua hapo wanatibu kwa macho. Fungua friji ya chanjo, kuna kipimajoto? Kuna soda humo? Uliza wagonjwa wa mwaka jana wameandikwa wapi. Uliza wakati wa upasuaji nani anaangalia nusu kaputi, ukijibiwa "anayepasua ndiye huyohuyo anayeangalia" fikiria mara mbili. Na la mwisho, dokta mkubwa yupo kweli au jina lake tu ndio liko ukutani na wewe mgeni ndio utakuwa daktari wa zamu kuanzia Jumatatu? Hiyo ya mwisho inavutia kwa sababu wanakupa cheo, ila utajifunza makosa yako mwenyewe na hakuna wa kukusahihisha.

Nirudi kwenye maikroskopu. Dar na pwani yote kupe ni mwaka mzima, kwahiyo mbwa mwenye homa, aliyelegea, hali, ufizi mweupe, utamwona karibu kila siku. Mazoea mabaya ya mtaani ni kusema "homa ya kupe hii", sindano ya oxytetracycline, vitamini, nenda nyumbani. Wengine wanapona, kwahiyo mazoea yanaendelea. Wewe fanya hivi: toboa ncha ya sikio, sio mshipa mkubwa, maana kwenye mishipa midogo ndiko chembe zenye babesia, kijidudu kinacholetwa na kupe, zinajikusanya. Tone dogo kwenye slaidi, slaidi ya pili unaivuta kwa pembe, damu itandaze iishe kama ulimi, iache ikauke, rangi ya Giemsa, osha, lenzi ya mafuta. Babesia unaiona ndani ya chembe nyekundu, mara nyingi ziko mbili mbili kama mapera yaliyogusana ncha. Ehrlichia, bakteria wa kupe, ni ngumu, usipoiona haimaanishi haipo, unaangalia chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimepungua kiasi gani na historia ya mbwa. Kwanini uhangaike? Kwa sababu dawa ni tofauti, babesia inataka imidocarb, ehrlichia inataka doxycycline karibu mwezi mzima, na ile sindano moja ya oxytetracycline haimalizi hata moja kati ya hizo. Dakika kumi za slaidi zinakutofautisha na kliniki kumi za jirani.

Kitu kingine hakifundishwi popote: aliyemleta mbwa sio mwenye mbwa. Mwenye mbwa yuko ofisini Posta, aliyekuja ni mlinzi au dada wa kazi, na historia yote iko kwa huyu. Bosi kwenye simu atakwambia mbwa anakula chakula cha paketi tu kutoka nje, ukimaliza kuongea naye mgeukie mlinzi taratibu, "kaka, pole na kazi, hebu niambie ukweli, juzi alikula nini?" Hapo ndio utasikia ugali na dagaa, mifupa ya kuku ya sherehe ya Jumamosi, na kwamba jirani ametega sumu ya panya. Usimwaibishe mbele ya bosi wake na usimsemee, maana akikuogopa mara ya pili hatakwambia kitu.

Hela. Taja bei kabla hujagusa mnyama, na taja njia mbili, ile kamili na ile ya kukata makali, na useme wazi tofauti yake ni nini. Utaambiwa "dokta mbwa mwenyewe nilipewa bure, leo nilipe yote hiyo?" Usikasirike, wala usianze kutoa hotuba ya haki za wanyama. Mueleze kitakachotokea usiku wa leo kwa kila njia, halafu nyamaza aamue.

Parvo, ugonjwa wa kirusi wa watoto wa mbwa, itakufundisha haya yote kwa pamoja. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili mitatu, anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau, mwenye mbwa anaapa amechanjwa. Kadi inaonyesha chanjo moja akiwa na wiki sita. Mueleze hivi: mtoto anazaliwa na kinga ya mama, kinga hiyo inaizuia chanjo isifanye kazi na kila mtoto inaisha kwa wakati wake, ndio maana tunarudia kila wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Chanjo moja ni bahati nasibu. Dripu, dawa ya kuzuia kutapika, joto, chumba chake peke yake, na sakafu klorini, sehemu moja ya jiki kwa maji sehemu 30, baada ya kusafisha uchafu kwanza maana klorini juu ya kinyesi haifanyi kitu. Kirusi hiki kinakaa mazingira kwa miezi, kwahiyo mwambie asilete mtoto mwingine uani palepale wiki ijayo. Ataleta, lakini mwambie.

Upasuaji panda kwa ngazi. Anza kuhasi paka dume, halafu mbwa dume, halafu kufunga kizazi paka jike, mbwa jike mdogo, na mwisho kabisa mbwa jike mkubwa mnene. Boerboel, ile mbegu ya mbwa wakubwa, wa kilo hamsini na mafuta yake ni upasuaji mwingine kabisa, ovari ziko mbali, huoni kitu, uzi ukiteleza damu inajaa tumbo ukiwa unatazama. Usikubali kusukumwa kwenye huo kabla hujashikiwa na mtu. Kila mnyama mpime uzito kwa mzani, usikadirie, weka kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, hata kwa kazi ndogo, na wengi wetu bado tunatumia dawa za usingizi za ketamine na xylazine kwahiyo mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia pumzi, rangi ya ufizi na mapigo tu, simu yake iwe mbali. Paka anapoteza joto haraka, chupa za maji ya moto zifunge kwenye kitambaa uziweke pembeni yake.

Kumlaza mnyama asiyepona, yaani kumuua bila maumivu, nako utakufanya. Mpe usingizi kwanza, waache wanaotaka kubaki wabaki, malipo yaishe kabla ili wasipange foleni kwenye kaunta wakilia.

HATUA YA TANO: matawi

Baada ya miaka miwili mitatu ya hivyo utaanza kuona njia zinagawanyika. Wengine wanabaki kliniki wanakuwa dokta mkuu. Wengine wanaingia serikalini, halmashauri au TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, kule Temeke. Wapo wanaoenda wanyamapori, TAWIRI ya utafiti wa wanyamapori na TANAPA ya hifadhi za taifa, nafasi chache na foleni ndefu. Wengine wanauza dawa kwenye makampuni, na nitasema ukweli, hao mara nyingi ndio wenye gari kwanza. Masters unaweza kusoma SUA, Nairobi, Makerere, na kwa upasuaji au tiba ya wanyama wadogo Onderstepoort ya Pretoria ndio wengi tunaiota hapa Afrika. Ukipenda magonjwa ya jamii, kuna mafunzo ya TFELTP ya epidemiolojia, kufuatilia magonjwa yanavyoenea, ambayo yanachukua na madaktari wa mifugo.

Tawi ambalo vijana hawalioni ni makaratasi ya kusafirisha wanyama. Wafanyakazi wa balozi, mashirika, marubani, Watanzania wanaohamia kwa watoto wao Ulaya, wote wanataka kwenda na paka wao. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, mnyama anayetoka Tanzania anafuata mpangilio huu na hauruki hata kimoja: chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa amefikisha wiki 12, subiri siku 30, toa damu ipelekwe maabara iliyoidhinishwa na wao, majibu yawe 0.5 IU kwa mililita au zaidi, halafu ahesabu miezi mitatu kuanzia siku damu ilipotolewa ndio asafiri, na cheti cha afya kigongwe muhuri na daktari wa serikali siku za mwisho. Chanjo ikitangulia chipu haihesabiki, unaanza upya. Mbwa anayekwenda Uingereza anaongezewa dawa ya tegu kati ya masaa 24 na 120 kabla ya kufika. Mteja atakuja na tiketi ya wiki ijayo, hiyo zoea. Ukiwa wewe ndiye unayejua kumwambia miezi minne mapema, ubalozi mmoja unakuletea mwingine, na hauhitaji jengo wala chumba cha upasuaji, unahitaji umakini, skana ya chipu na daftari la tarehe.

HATUA YA SITA: kliniki yako

Anza na huduma ya nyumbani kama mtaji ni mdogo: boksi la barafu kwa ajili ya chanjo, mzani wa kubeba, boda wa kuaminika, rejista. Hapo unajenga wateja kabla ya kodi kuanza kukimbia. Makubaliano na bosi wa zamani yaheshimu, usimchukulie wateja kwa mlango wa nyuma, hii fani ni ndogo tunajuana wote.

Ukifika kwenye jengo, hela ya kwanza isiende kwenye bango. Friji yenye kipimajoto, nyuzi 2 hadi 8, na mpango wa umeme ukikatika. Maikroskopu nzuri. Meza ya chuma, mzani, otoklevu ya kuua vijidudu kwenye vifaa, mashine ya oksijeni. Chumba cha parvo chenye mlango wake. Maji ya uhakika na tenki. Mkataba wa taka za kitabibu. Mweleze mwenye nyumba na majirani kwa mdomo wako kwamba mbwa watabweka usiku, kabla hujalipa kodi ya mwaka. Upande wa karatasi ni usajili wa biashara BRELA, namba ya mlipakodi TIN, leseni ya biashara ya halmashauri na usajili wa kituo Baraza. Kona ya kuuza chakula, mikufu na dawa za kupe usiione aibu, miezi ya mwanzo hiyo ndiyo italipa umeme.

KAMA MACHO YAKO YAKO NJE

BVM ya SUA haikupi leseni moja kwa moja Marekani wala Uingereza. Marekani unapitia ECFVG au PAVE, programu za kupima waliosoma nje, halafu mtihani wa leseni wa NAVLE, halafu leseni ya jimbo, ni miaka na hela nyingi, na wengi wanaishi kwa kufanya kazi ya msaidizi kliniki huku wakisoma. Uingereza kuna mtihani wa RCVS, chombo kinachosajili madaktari wa wanyama kule, pamoja na Kiingereza. Ghuba, hasa Dubai na Abu Dhabi, kliniki za wanyama wadogo ni nyingi ila wanataka leseni yao na uzoefu unaoonekana kwenye karatasi. Kwahiyo kuanzia siku ya kwanza kazini andika daftari la kesi: tarehe, aina ya mnyama, tatizo, ulichofanya wewe kwa mkono wako, ilivyoisha, na dokta mkuu asaini kila mwezi. Transkripti chukua nakala rasmi kadhaa ukiwa bado Morogoro, maana kuziagiza kutokea nje ni safari nyingine.